Piano kwa watoto wa miaka 4 hadi 7: mwalimu wa nyumbani, darasa la pamoja, mpiga kinanda wa kwaya au programu ya simu?

Mama Wawili (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, salaam. Nina watoto wawili: binti wa miaka 7 aliye darasa la pili, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 4 na nusu. Wote wanataka kujifunza piano, na mimi na baba yao tumekubaliana waanze mwaka huu. Tumeulizia hapa na pale tukakuta njia nne. Ya kwanza ni mwalimu anayekuja nyumbani mara moja kwa wiki na kumfundisha kila mtoto peke yake kwa nusu saa. Ya pili ni darasa la pamoja la Jumamosi, lenye watoto sita hadi wanane. Ya tatu ni mpiga kinanda wa kwaya ya usharika wetu, ambaye yuko tayari kuwafundisha baada ya mazoezi kwa ada ndogo sana. Ya nne ni programu ya simu ambayo watoto wa jirani wanaitumia na wanaonekana kuifurahia.

Suala la chombo nalo linatusumbua. Tunaweza kununua kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, au tujikaze tununue piano ya dijitali yenye vibonyezo 88, au tuchukue piano ya nyuzi ya zamani ambayo familia moja inayohama inaiuza kwa bei inayovutia. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kulinganisha, mkizingatia kwamba watoto hawa hawalingani umri.

Mwalimu wa piano (Nairobi)

Mama Wawili, nafundisha watoto wa umri huohuo, na nitaanza na hilo ulilolitaja mwishoni kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Hao ni wanafunzi wawili tofauti, na njia inayomfaa mmoja si lazima imfae mwenzake.

Binti wa miaka 7 anasoma, anahesabu, anatofautisha kulia na kushoto bila kufikiri, na anaweza kutulia nusu saa akifuata jambo moja. Huyo mpe mwalimu wake mwenyewe. Katika darasa la pamoja atalazimika kwenda kwa mwendo wa wenzake, na mwalimu mwenye watoto wanane hawezi kuona kwamba kidole cha nne (cha pete) cha mkono wa kushoto wa mtoto mmoja kinalala bapa kila kinapobonyeza. Kasoro ya mkono ikiachwa miezi ya mwanzo hugeuka mazoea, na kuyaondoa mazoea hayo ni kazi kubwa kuliko kufundisha upya.

Kijana wa miaka 4 na nusu ni habari nyingine. Vidole vyake havijapata nguvu, kiungo cha mwisho hubonyea kwa ndani anapobonyeza, na macho yake hayajazoea kufuata nota juu ya mistari mitano. Anachokiweza, tena kuliko sisi watu wazima, ni kusikia na kuiga. Kwa hiyo darasa la pamoja linamfaa zaidi, mradi liwe darasa la kuimba, kupiga makofi na kutembea kwa mapigo, na kinanda kiguswe kwa dakika chache tu. Shule za muziki za Yamaha, zilizoanza Japani mwaka 1954, zilijengwa juu ya msingi huo wa kuwafundisha wadogo kwa pamoja, sikio likitangulia macho.

Mtoto wa umri huo simwanzishi na C ya kati, ile nota iliyo karibu na katikati ya kinanda. Namwambia atazame vibonyezo vyeusi tu. Baada ya muda mfupi hugundua mwenyewe kwamba vimekaa kwa makundi, viwili kisha vitatu, viwili kisha vitatu. Namwomba apige makundi ya viwili tu, kwa kidole cha 2 na cha 3 (cha shahada na cha kati), akishuka kuelekea sauti nene hadi mwisho, kisha apande tena. Akishaweza hivyo, namwonyesha kibonyezo cheupe kilicho mara tu kushoto kwa kundi la viwili: hiyo ni C, na aliyeiona moja ameziona zote. Kazi hiyo huchukua vipindi kadhaa, na mzazi anayesubiri wimbo kamili huona kama hakuna kinachofanyika, kumbe hapo ndipo ramani ya kinanda kizima inapoingia kichwani.

Mpiga kinanda wa kanisa (Moshi)

Nakubaliana na Mwalimu wa Nairobi kwa sehemu kubwa, lakini naomba njia ya tatu isidharauliwe. Watoto wengi wa kwetu wamekulia kwenye nyumba ambamo mama anaimba sauti ya pili na baba anaimba besi, na solfa, yaani kuimba nota kwa majina ya do, re, mi, wanaisikia kabla hawajaenda chekechea. Mtoto anayeweza kuimba do, re, mi, fa, so bila kuyumba ana kitu ambacho mwenzake aliyeanza na vibonyezo tu hana: anaisikia nota kichwani kabla ya kuipiga. Mwalimu wa kwaya aliye makini humjengea mtoto sikio hilo, tena katika mazingira anayoyapenda.

Hata hivyo, Mama Wawili, kabla ya kukubali nenda ukamsikilize huyo mpiga kinanda akifundisha, na uchunguze mambo mawili. La kwanza, je, anasoma nota za mistari mitano, au anasoma solfa peke yake? Solfa inamwambia mtoto sauti, lakini haimwonyeshi mahali pa mkono, na vitabu karibu vyote vya piano vimeandikwa kwa mistari mitano. La pili ni kile kitufe cha kuhamisha ki, yaani kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Baadhi yetu tunaopiga makanisani tumezoea kupiga kila wimbo kwa C, kisha kitufe kinapandisha au kushusha hadi pale waimbaji wanapopataka. Ibada inakwenda vizuri, lakini mtoto anayefundishwa hivyo atafika miaka 12 hajui kuipiga skeli ya D (ngazi ya nota inayoanzia D), yenye F na C za kupandishwa nusu sauti, na siku atakapokaa mbele ya piano isiyo na kitufe hicho atakwama. Kama mwalimu wenu anapiga "do ni G" kwa kuanzia G yenyewe, na "do ni E bapa" (E iliyoshushwa nusu sauti) kwa kuanzia E bapa yenyewe, mpeni mtoto bila wasiwasi.

Nyongeza ndogo: nyimbo za vitabu vya ibada zimepangwa kwa sauti nne, na mkono wa mtoto wa miaka 7 kwa kawaida haufiki oktavu, yaani kutoka C moja hadi C inayofuata. Aanze na sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia, kisha besi kwa mkono wa kushoto. Sauti za kati zitakuja mkono ukikua.

Baba wa Mmoja (Mombasa)

Mimi nitaitetea programu ya simu, kwa sababu naona itapigwa vita na walimu. Mwanangu ana miaka 8. Mwalimu anaonana naye siku moja kwa wiki, lakini zile siku sita nyingine ndizo zinazoamua kama ataendelea. Programu inampa zoezi fupi kila siku, inamwambia papo hapo kama nota ni sahihi, na hatuna ugomvi wa kumkumbusha. Kwa familia ambayo mji wake hauna mwalimu wa piano, na miji hiyo ni mingi kuliko yenye walimu, hii ni bora kuliko kukaa bure.

Mwalimu wa piano (Nairobi)

Ndugu yangu wa Mombasa, siipigi vita, ila naomba tuiweke mahali pake. Kipaza sauti cha simu husikia kwamba E imepigwa kwa wakati wake. Hakioni kama imepigwa kwa kidole gumba au cha kati, kama kifundo cha mkono kimeanguka chini ya ukingo wa kinanda, wala kama mabega yamepanda hadi masikioni. Tena programu nyingi zinamzoesha mtoto kukimbizana na nota zinazopita kwenye kioo, ilhali usomaji wa kweli unataka jicho litangulie mkono na liwe na uhuru wa kurudi nyuma. Kwa mwanao wa miaka 8 mwenye mwalimu, programu ni msaidizi mzuri wa siku za katikati. Kwa mtoto wa miaka 4 na nusu ningeiacha kabisa.

Hizo siku sita ulizozitaja ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mazungumzo haya. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyeasisi mbinu inayofananisha kujifunza muziki na kujifunza lugha ya mama, alimtaka mzazi ahudhurie kila somo, na katika mbinu yake mzazi hufundishwa hatua za kwanza ili aweze kumsimamia mtoto nyumbani. Si lazima mfuate mbinu hiyo yote. Kusoma nota huchelewa ndani yake, na kwa binti wa miaka 7 sioni sababu ya kuchelewesha. Lakini ningeupima uamuzi wenu kwa swali hili kabla ya bei na kabla ya chombo: nani atakaa kando ya mtoto dakika 10 kila jioni, simu ikiwa mbali? Mwalimu wa kawaida na mzazi anayekaa kando watamfikisha mtoto mbali kuliko mwalimu bingwa na mtoto anayefanya mazoezi peke yake chumbani.

Fundi wa piano (Tanga)

Niseme kuhusu chombo, kwa kuwa hapo ndipo watu wa pwani wanapopoteza fedha. Dada, hiyo piano ya nyuzi usiinunue kwa bei pekee. Ndani ya piano kuna nyuzi zipatazo 230, na mvuto wake kwa jumla ni kama tani 18, nao wote unabebwa na fremu ya chuma, huku vigingi vya nyuzi vikiwa vimeshikwa na ubao. Unyevu wa Dar es Salaam na Tanga huvimbisha ubao na sufi, chumvi ya bahari inaotesha kutu kwenye nyuzi, na mchwa wakishaingia hawatoki kwa maombi. Piano inatakiwa kutuniwa, yaani kukazwa nyuzi zirudi kwenye sauti zake, walau mara mbili kwa mwaka, na mafundi si wengi. Ukitaka kuijaribu, fungua kifuniko utazame nyuzi za besi, kisha piga kila kibonyezo kimoja kimoja polepole, uone kama kinarudi juu. Vikigoma vichache, hilo ni tatizo la kurekebishika. Lakini fundi akiituni leo na wiki ijayo sauti imeshuka tena, vigingi vimelegea kwenye ubao, na ukarabati wake unaweza kuzidi bei uliyonunulia.

Kinanda cha vibonyezo 61 kinatosha kwa mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, kwa kuwa oktavu tano ni nyingi kwa vitabu vya mwanzo. Sharti langu ni moja: kiwe kinaitikia nguvu ya kidole, ukibonyeza taratibu kilie taratibu. Vile vya bei rahisi kabisa vinalia sauti ileile hata ukivigonga kwa ngumi, na mtoto aliyezoea hivyo hajui kwamba kidole kinaweza kunong'ona. Vyenye vibonyezo vyembamba vya kitoto navyo viacheni dukani, maana vinapotosha kipimo cha mkono.

Kama mfuko unaruhusu, piano ya dijitali yenye vibonyezo 88 vizito ndiyo chaguo langu kwa nyumba ya pwani. Haihitaji kutuniwa, na ina tundu la spika za masikioni kwa majirani. Angalieni pia suala la umeme: Yamaha P-45 inategemea umeme wa ukutani tu, wakati Casio CDP-S100 inaweza pia kutumia betri ndogo sita, na kwa wanaokatikiwa umeme saa ya mazoezi hiyo ni tofauti kubwa.

Mpenzi wa taarabu (Zanzibar)

Naongeza neno moja kuhusu sikio. Piano ina sauti 12 katika oktavu, basi. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati yana sauti zinazokaa kati ya vibonyezo viwili, na mtoto wa kwetu amezisikia kwenye taarabu na kwenye kisomo tangu akiwa mgongoni. Akianza piano, asikatazwe kuziimba wala asiambiwe kwamba sauti hizo ni makosa. Mwalimu amweleze tu kwamba chombo hiki hakina, na kwamba udi na fidla zinazo.

Mama Wawili (Dar es Salaam)

Nawashukuruni nyote. Tumeamua hivi: binti ataanza na mwalimu wa nyumbani, mdogo wake ataingia darasa la Jumamosi, na mpiga kinanda wa kwaya tutamwomba awafundishe wote wawili solfa kwa kuimba tu. Piano ya nyuzi tumeiacha. Tutanunua ya dijitali inayokubali betri, na dakika 10 za jioni tumegawana mimi na baba yao. Limebaki swali la kiti: kiti chetu cha kulia chakula kinafaa?

Mwalimu wa piano (Nairobi)

Kwa binti, weka mto mgumu juu yake hadi viwiko vilingane na vibonyezo, na kitako chake kikae nusu ya mbele ya kiti. Miguu isining'inie. Tafuteni kigoda au kreti imara ya kukanyagia, kwa sababu mtoto asiye na pa kukanyaga hujishikilia kwa mabega, na mabega yakikaza vidole havitembei. Mdogo wake akitaka kujaribu nyumbani, mwache apige akiwa amesimama.