Maumivu ya kiungo cha taya: fiziotherapia au kifaa cha meno?

Mama Rukia: Habari zenu wanajukwaa. Taya langu la kulia linaalika kila nipigapo miayo, na asubuhi huamka na maumivu yanayopanda hadi kwenye panja. Daktari wa meno amependekeza kifaa cha kuvaa usiku, ilhali kaka yangu anasisitiza nianze na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kuchua. Fedha zilizopo zinatosha kimoja tu. Naomba mnilinganishie.

Mnyooshaviungo: Pole sana, Mama Rukia. Kualika peke yake, bila maumivu, hakuhitaji tiba, tuzungumzie maumivu. Mwongozo wa mwaka 2023 katika jarida la BMJ la Uingereza kuhusu maumivu sugu ya taya uliyapa uzito mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu, kunyoosha misuli na kuichua kwa mkono, ilhali vifaa vya kinywani haukuvipendekeza kwa wagonjwa walio wengi. Mtaalamu hupima kwanza upana wa kinywa, ambao kwa kawaida hupitisha vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, kisha humfundisha kukifungua polepole huku ncha ya ulimi ikigusa kaakaa nyuma ya meno ya juu, ili taya lishuke bila kwenda upande. Kazi kubwa inabaki nyumbani, na asiyeifanya amepoteza nauli.

Babu Meno: Nakubali kwa sehemu kubwa, ila kifaa kisitupwe. Anayesaga meno usingizini huyamaliza hata kama taya halimuumi, na hapo kifaa huyakinga. Kiwe cha akriliki, yaani plastiki ngumu, kinachofunika meno yote ya taya moja, kwa sababu kile cha meno ya mbele pekee, kikivaliwa muda mrefu, huweza kuyahamisha meno mengine hadi yasikutane vizuri. Na ukiambiwa meno yachongwe ili maumivu yaishe, kataa, mama, yakishachongwa hayarudi.

Mama Rukia: Asante, babu. Baba Rukia hulalamikia kelele hizo za kusaga, nami nilidhani ananitania.

Babu Meno: Basi mwombe daktari akague kama meno yamelika. Kama bado ni mazima, anza na mazoezi, kifaa kitasubiri.

Mnyooshaviungo: Wakati huo, mua na mishkaki migumu waachie wengine, na upigapo miayo uliegemeze taya kwenye ngumi. Likikwama wazi, nenda hospitali siku hiyohiyo.