Nimzungumzie vipi babu kwenye arobaini yake?

Mjukuu, Mikindani: Asalaam aleikum. Babu yetu, aliyepigana Vita vya Kagera na kuingia Kampala Aprili 1979, ametangulia mbele ya haki, nami nimeombwa kumzungumzia kwenye hitma yake. Nianzie wapi?

Bibi, Lindi: Pole sana, mjukuu wangu. Vita vitaje kwa ufupi; eleza zaidi alivyoamka kabla ya adhana, akatawadha, akaswali, kisha akachukua panga lake na kwenda kwenye mikorosho.

Mstaafu, Newala: Nami nilikuwa vitani. Wengi wetu hatukuyasimulia tuliyoyaona, basi usimsemee ambayo mwenyewe hakuyasema.

Mjukuu, Mikindani: Ahsanteni, wazee wangu. Nitaanza na kobazi zake, ambazo bado ziko mlangoni na matope makavu ya mikokoni, alikopenda kutembea asubuhi akivuta uradi.