Tupeane uzoefu: sakafu ya karavani iliyooza kwa maji

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliowahi kutengeneza sakafu ya mbao iliyoharibiwa na maji, iwe ya karavani (kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari), ya trela la chakula au ya gari la abiria. Ninaanza na yangu, ambayo nimeigharamia mara mbili.

Karavani yangu ni kuukuu, ya ekseli moja, iliyoletwa kutoka Uingereza. Tumeiegesha Kigamboni, na mke wangu anauzia humo supu na chapati. Wakati wa masika ya mwaka jana sakafu ilianza kubonyea karibu na sinki, ukiikanyaga kwa kisigino inashuka kidogo na kurudi kama godoro. Fundi seremala tuliyemwita alishauri tulaze plaiwudi mpya ya milimita 12 juu ya ile ya zamani, kisha tutandike kapeti la plastiki. Kazi ilipendeza macho. Ilipofika vuli tukaanza kusikia harufu ya ukungu, na tulipobandua kapeti tukakuta plaiwudi mpya imeumuka ukingoni, tabaka zake zinaachana kama kurasa za daftari lililotumbukia kwenye ndoo. Ile ya chini ndiyo ilikuwa imekwisha kabisa, kwa maana bisibisi ilizama hadi kwenye mpini bila hata kutumia nguvu.

Tulikuwa tumeufungia unyevu katikati ya mbao mbili, huku maji yakiendelea kuingia. Kila mtu alilaumu sinki, nami nikiwemo. Safari ya pili nilikataa kununua hata msumari mmoja kabla ya kujua maji yanapitia wapi. Nilikaa ndani na tochi, kijana wangu akabaki nje na mpira wa maji, akimwagia ukuta kuanzia chini na kukaa dakika kumi kwenye kila kimo kabla ya kupanda. Ukianzia juu, maji yanashuka na kulowesha viungo vyote kwa pamoja, na hutajua kipi kinavuja. Sinki halikuwa na kosa. Maji yalitokea alipofika kwenye kona ya juu ya dirisha, ambako gundi ya kuziba ilikuwa imekauka na kupasuka. Yalishuka ndani kwa ndani ya ukuta, yakafuata ubao wa chini, yakatokeza sakafuni karibu mita moja na nusu kutoka dirishani.

Baada ya kuziba dirisha tulikata sakafu hadi tulipokuta mbao ngumu, tukaiacha wazi wiki tatu ikipigwa na feni. Karibuni.

*Mchangiaji wa Tabata*

Ahsante kaka kwa kufungua mada. Ningependa kuongeza kwamba karavani nyingi za Ulaya hazina sakafu ya ubao mmoja. Zina plaiwudi nyembamba juu, povu gumu katikati na plaiwudi nyingine chini, vyote vimeshikamanishwa kwa gundi, kwa hiyo sakafu ikibonyea si lazima iwe imeoza. Huenda gundi imeachia tu. Mimi nilipogongagonga kwa mpini wa nyundo nilisikia mlio wa kitu chenye uwazi, lakini bisibisi haikuingia. Nikatoboa matundu madogo juu, bila kupitiliza chini, nikaingiza gundi ya epoksi kwa bomba la sindano, nikaziba kwa vijiti vya mbao na kuweka mifuko ya saruji juu yake usiku kucha.

Tahadhari yangu ni moja. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya kopo kwenye jua letu hili inawahi kuganda kabla hujaitumia. Kopo langu la kwanza lilianza kufuka moshi mkononi. Changanya kidogo kidogo, alfajiri.

*Fundi bodi, Buguruni*

Mimi nashughulika zaidi na sakafu za Hiace na Coaster, lakini ugonjwa ni ule ule. Wateja wengi huniambia, "Fundi, weka marini bodi, haiozi." Mbao nyingi zinazouzwa hapa mjini kwa jina hilo ni zile za kumwagia zege, zenye ngozi nyeusi au ya kahawia usoni. Uso wake unazuia maji vizuri, ila ukishaikata, ule ukingo mpya hauna kinga yoyote, na kila tundu la skrubu ni mlango mwingine. Kwa hiyo nikishakata napaka ukingo rangi ya mafuta mara tatu, na matundu nayatoboa na kuyapaka kabla ya kufunga. Fundi anayekata na kufunga papo hapo anakutayarishia kazi ya mwakani.

Vilevile msiongeze ubao juu ya ubao. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 yenye milimita 18 ina kilo 30 hivi, na ekseli haikuhesabiwa kwa mzigo huo.

*Mchangiaji wa Mbezi*

Fundi, shikamoo. Je, oili chafu kwa chini inafaa? Mjomba wangu anaisifu sana.

*Fundi bodi, Buguruni*

Marahaba mwanangu. Kwa nguzo za uzio sina ugomvi na mjomba. Kwa sakafu inayopikiwa chakula, hapana: inanuka jua likiwaka, na rangi wala gundi haitashika juu yake tena.

*Mchangiaji wa Kunduchi*

Mimi niliachana na mbao kwenye eneo la jiko, nikaweka bati la aluminiamu lenye vipele moja kwa moja juu ya fremu ya chuma. Kwa hewa ya chumvi ya huku, kila penye mguso wa metali hizo mbili aluminiamu ilianza kutoa unga mweupe na kuliwa. Sasa nimeweka vipande vya mpira katikati na skrubu zisizoshika kutu. Usafi ni rahisi mno, lakini miguu inachoka, na mama anayenipikia ameshaweka mkeka wake pale anaposimama.

*Mwanzisha mada*

Dada wa Kunduchi, huo mkeka uinuliwe kila jioni. Kwangu sasa kapeti halijagundishwa. Nimelibana kingo kwa vipande vya mbao vyenye skrubu, na kila mwisho wa mwezi nalikunja na kupitisha kiganja chini yake, kuanzia ile kona iliyo mbali na sinki.