Miaka miwili nimetulia, lithiamu bado nimeze?

Wadau, naombeni ushauri. Nina baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nimelazwa mara mbili. Ya mwisho nilikesha siku nne nikipaka rangi kuta za sebule, nikiamini zikiwa nyeupe zote hadi alfajiri kuna ujumbe utanijia. Dada ndiye aliyenipeleka hospitali. Tangu hapo nameza lithiamu kila usiku na sijarudi kule. Ila wiki hizi mikono inanitetemeka. Juzi nilimmwagia mama mkwe maji, akaitazama mikono yangu, akanyamaza. Kama nimepona, nameza cha nini? Nimeanza kuruka siku mojamoja.

Jibu 1
Pole ndugu yangu. Mimi huu mwaka wa 11. Swali lako nililijibu mwenyewe kwa kutupa vidonge chooni. Haukupita muda nikauza friji ya watu. (Walinisamehe. Friji haikurudi.) Hiyo kuruka acha, na usikate dawa ghafla bila daktari. Mtetemeko mdogo ni kawaida ya lithiamu, lakini ukizidi, ukaja na kutapika, kuharisha au kuyumba, imejaa mwilini: hospitali siku hiyohiyo. Ulipima damu lini? Huchukuliwa yakipita masaa 12 baada ya kumeza, na kwa wengi kiwango cha lithiamu kwenye damu hutakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita). Figo na tezi ya shingo pia huangaliwa. Halafu, unameza dawa gani nyingine? Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu.

Muulizaji
Ibuprofeni! Mgongo umenibana, nameza karibu kila siku mwezi mzima. Niliponunua hakuna aliyeniuliza kitu.

Jibu 2
Mimi namuuguza kaka. Saa zake za kulala tunaziandika kwenye kalenda ya ukutani. Akilala chini ya masaa manne siku mbili mfululizo na asubuhi haoni uchovu, nampigia daktari. Tulikubaliana hivyo akiwa mzima, mwenyewe akaweka sahihi. Siku nikipiga ananinunia hadi jioni.

Muulizaji
Nimeongea na nesi wa kliniki. Kaniuliza kama natapika au nayumba, nikamwambia hapana. Ibuprofeni nimeacha. Damu kesho saa 3 asubuhi, kwa hiyo leo nameza saa 3 kamili usiku. Dada keshatega kengele kwenye simu yake, ya kwangu haiamini.