PostgreSQL inaangusha transaksioni yote juu ya fakitire moja, ni haki?

Wa_Katuba: Jambo yenu bandugu. Tuko na programu ya depo ya unga hapa Lubumbashi, kamiyo ikitoka Kasumbalesa tunaingiza fakitire zake zote mu transaksioni moja, ni kusema amri nyingi zinazohifadhiwa pamoja. Ku MySQL, bazi ya data yetu ya zamani, fakitire ikijirudia ile INSERT (amri ya kuingiza mustari) tu njo ilikuwa inakataliwa, zingine zinapita. Sasa tumehamia bazi ingine, PostgreSQL, kosa moja na yote inakwama, hata SELECT (kusoma tu) inarudisha kosa 25P02 (transaksioni imeshaanguka), ukimupa COMMIT (hifadhi) yeye anafanya ROLLBACK (anafuta yote). Juu ya nini asiruke tu ule mustari?

Yaya_Kamalondo: Ndugu, mi naona anafanya vizuri kabisa. Tuseme fakitire imekataliwa, mustari unaofuata unaongeza deni ya kliyenti juu ya ileile fakitire, ukiacha iendelee utabaki na deni haina fakitire na hakuna mutu atajua mpaka kufunga mwezi. Bazi haijui mistari gani inategemeana, weye njo unajua, kwa hiyo useme. Kama kujirudia ni kawaida kwenu, andika ON CONFLICT DO NOTHING (ikigongana usifanye kitu), iko tangu 9.5, pale hakuna kosa hata.

Ruashi_kodi: Kwa makosa ya namna ingine weka SAVEPOINT (alama ya kurudia) mbele ya kila fakitire, ikianguka ROLLBACK TO (rudi ku ile alama), unaiandika pembeni unaendelea. Ila usizijaze maelfu, zikipita 64 mu transaksioni moja serveri inaweza kuanza kulemewa kama watu ni wengi.

Wa_Katuba: Asante yaya. Basi MySQL ni mubaya?

Yaya_Kamalondo: Hapana, ila usifikiri inaruka makosa yote. Ku InnoDB (sehemu ya MySQL inayotunza data) kujirudia kunafuta INSERT ile tu, deadlock (transaksioni zinangojana bila mwisho) inafuta transaksioni yote, kungoja lock (kufuli ya mustari) mpaka muda uishe kunafuta amri ya mwisho tu, isipokuwa umewasha innodb_rollback_on_timeout. Programu isiposoma namba ya kosa, kisha deadlock fakitire zilizotangulia zimepotea na zinazofuata zinaingia bila shida, na hiyo njo inaniogopesha, afazali bazi inayokataa wazi.

Wa_Katuba: Sawa, ON CONFLICT kwa zinazojirudia, kosa ingine yote kamiyo nzima irudi, mutu wa depo arekebishe.

Ruashi_kodi: Utaje kolone, ON CONFLICT (nambari), usipotaja inameza kila mugongano wa unique (kolone zisizoruhusu kujirudia). Na weka RETURNING, inaonyesha tu zilizoingia, zile hazikuingia linganisha bei yake na ya zamani, juu nambari moja na bei mbili hiyo si kujirudia tena.