Wenye figo mliopimwa vitamini D, tupeane uzoefu

BintiUyole:
Habari za jioni wapendwa. Naomba tupeane uzoefu hapa maana hili nimehangaika nalo peke yangu karibu mwaka mzima. Mama yangu ana presha ya siku nyingi, mwaka jana tukaambiwa figo zimeshuka, eGFR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja kiasi gani, ni 27, yaani hatua ya nne. Sasa kilichokuwa kinamtesa si kuvimba wala mkojo, ni mifupa. Nyonga zinauma, mapaja hayana nguvu, akikaa kwenye kigoda hanyanyuki mpaka ashike ukuta, na sisi wote tukasema baridi tu hiyo, si mnajua Uyole mwezi wa sita asubuhi ilivyo, tukamnunulia masweta, tukamchua, na duka la dawa wakatupa diklofenaki akawa anameza kila siku. Hiyo diklofenaki daktari alipoisikia alishtuka kweli, akasema dawa za maumivu za jamii hiyo zinazimaliza figo ambazo tayari zimechoka. Roho iliniuma sana, maana ni mimi nilikuwa namnunulia.

Akapimwa vitamini D, ikaja 14. Chini ya 20 wanahesabu ni upungufu. Mtu aliyelima viazi juani maisha yake yote! Ila kweli tangu augue alikuwa hatoki, anashinda ndani amejifunika, jua anaotea dirishani, kumbe kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Nyie wenzangu mlipitaje?

Mwl_Mafinga:
Kamwene dada, pole na mama. Mimi ndo mgonjwa mwenyewe, sukari miaka 16, figo hatua ya nne. Kwangu ilikuwa kinyume, vitamini D nilipimwa ikaja 34, nikafurahi nikajua mifupa yangu iko salama. Lakini daktari akaagiza na PTH, ile homoni ya tezi ndogo za shingoni, ikaja juu karibu mara nne ya kawaida. Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akanieleza taratibu nikaelewa: jua au chakula kinakupa vitamini D ambayo bado imelala, ini linaigeuza mara ya kwanza, na hiyo ndo inayoonekana kwenye kipimo cha kawaida, halafu figo ndiyo inaigeuza mara ya pili iwe ile inayofanya kazi hasa ya kuvuta kalsiamu kutoka kwenye chakula. Figo ikichoka inashindwa kuiamsha, na fosfeti, yale madini ya kwenye chakula, nayo inabaki mwilini, basi zile tezi zinapiga kelele, zinakwenda kuichomoa kalsiamu kwenye mifupa. Mimi nikaanzishiwa alfakalsidoli, aina ya vitamini D ambayo haihitaji figo iiamshe. Kwa hiyo dada ulizia na PTH ya mama, kalsiamu na fosfeti, msiishie kwenye kipimo kimoja.

KakaMakambako:
Naomba nieleze kosa langu ili lisimpate mwingine. Baba ana figo, nikasoma kwamba vitamini D inasaidia, nikamnunulia vidonge vya nguvu kubwa, vile vya kumeza mara moja kwa wiki, mimi nikawa nampa kila siku, na vya kalsiamu juu yake. Baada ya miezi miwili mzee hali, anatapika, choo kigumu, kiu haiishi, anachanganya maneno mpaka anamwita mdogo wangu jina la marehemu shangazi. Tukakimbia naye, kalsiamu ikakutwa juu mno na kreatinini, ule uchafu wa damu unaotolewa na figo, imepanda. Wakasimamisha vyote wakamtundikia dripu. Amepona ila figo hazikurudi pale zilipokuwa. Wapendwa, hii kitu inakaa kwenye mafuta ya mwili, ukizidisha haitoki leo wala kesho.

MamaKyela:
Shikamooni wakubwa. Mimi nauguza mume, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwetu huku kila mgeni anakuja na dagaa wa ziwani, anasema mle na mifupa yake ili mifupa ishike. Nilimpika sana. Mwili ukaanza kumwasha usiku kucha, anajikuna mpaka damu, kupima fosfeti ikawa juu. Dagaa wanaoliwa na mifupa wana fosfeti nyingi, na zile soda nyeusi vilevile. Akapewa vidonge vya kuishika fosfeti, lakini lazima avimeze pamoja na chakula, akivimeza tumboni hakuna kitu havisaidii, sisi mwezi wa kwanza tulikuwa tunampa asubuhi kabla ya uji. Kuwashwa kumepungua, usiku tunalala.

BintiUyole:
Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Mwalimu nimeandika vipimo vyote ulivyotaja, Kaka Makambako Mungu amtunze mzee. Mama alipewa kolekalsiferoli, ile vitamini D ya kawaida, mara moja kwa wiki, baada ya miezi mitatu ikapanda ikafika 29, na mchana jua likiwaka namtolea mkeka uani anakunja mikono ya sweta. Jua letu huku lipo hata miezi ya baridi, ni sisi tunalikimbia. Juzi amenyanyuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. PTH bado hajapimwa, kliniki ni Jumanne, nikitoka huko nitaandika hapa.