Kaswende ya mjamzito kutibiwa kwa kapsuli za kufungiwa kwenye karatasi! Wauza dawa Arua, Uganda, muogopeni Mungu

Wadau, nimekasirika na naomba mnisome mpaka mwisho. Shemeji yangu ni mjamzito. Kapimwa kliniki, kakutwa na kaswende. Akaambiwa sindano zimekwisha, akanunue nje. Duka la dawa alikokwenda, badala ya kumwambia "hatuna", kijana akamfungia kapsuli za ampiklox za siku mbili: "Zote ni penisilini, mama, kazi ni ile ile."

Kazi si ile ile! Kaswende inataka benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, sindano ya msuli. Inayeyuka polepole, inabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kijidudu cha kaswende huzaana taratibu mno, kujigawa mara moja tu humchukua zaidi ya siku nzima, na penisilini humuua bakteria wakati anajenga ukuta wa seli yake ili ajigawe, kwa hiyo dawa lazima idumu mwilini. Kapsuli imeshatoka mwilini baada ya saa chache. Kwa mjamzito, sindano hiyo ndiyo inayoaminika kumkinga yeye pamoja na mtoto wake. Mama asipotibiwa, mtoto anaweza kufia tumboni. Mnaelewa mnachokiuza?

Hiyo ampiklox ni ampisilini na kloksasilini. Kloksasilini ilitengenezwa kwa ajili ya stafilokoka, hao wa majipu, wenye kimeng'enya cha kuivunja penisilini ya kawaida. Ampisilini na amoksilini zinawafikia hata baadhi ya bakteria ambao penisilini ya zamani haiwawezi. Koo lenye streptokoka, bakteria wa maumivu ya koo, penisilini hiyo ya zamani inatosha mpaka leo, ila ni siku 10 kamili, maana uzembe hapo unaweza kumharibia mtoto moyo. Mafua ni virusi, haitibu hata moja. Lakini mjini hapa jipu, mafua, kaswende, wote wanapewa kapsuli zile zile, bila karatasi ya daktari ambayo sheria inaitaka.

Na kliniki nao wasijifiche nyuma ya duka. Benzathini imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Uganda. Mnampimaje kila mama kaswende halafu dawa yake hamna?

Anayejua inapatikana wapi Arua leo aandike hapa, tafadhali. Tunahitaji na ya mumewe, maana yeye hata kuitwa apimwe hakuitwa.